Joto si Nyuzi: Uhakiki wa Istilahi za Joto katika Tafsiri za Kompyuta

Istilahi ya sayansi ina vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni kama wenye lugha wanaifahamu waisikiapo. Cha pili ni kama haiwapeleki kwenye jambo jingine ambalo mwandishi hakulikusudia. Wafasiri wetu wamekizoea kipimo cha kwanza, na wengi wao hukitumia kwa ustadi. Cha pili aghalabu husahauliwa, na hasara ya kukisahau haionekani popote waziwazi kama katika fungu la maneno yahusuyo joto. Makala haya yanalihakiki fungu hilo katika uwanja mmoja tu, nao ni ule wa vifaa vya kukokotoa, yaani kompyuta na jamaa zake. Sababu ya kuuchagua uwanja huo ni kwamba wataalamu wa fizikia wameanza kuliona joto la mashine hizo kuwa kitu cha kutumika, si kitu cha kufukuzwa tu, na maandishi ya fikra hiyo yanawafikia wafasiri wetu kabla lugha haijaandaliwa kuyapokea.

Si ajabu kwamba haijaandaliwa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na ilichukua miaka kadhaa kabla ya mlango kufunguliwa tena. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1990, nayo ilitufaa sana katika fizikia ya darasani. Lakini joto la darasani ni la birika, ufito wa chuma na kipimajoto cha zebaki. Mgogoro wa jina la mashine yenyewe, kama iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, ulikula wino mwingi kuliko ulivyostahili. Hapa tutasema "kompyuta" na kuendelea na safari.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lielezwe. Umeme unaoingia katika kompyuta karibu wote huishia kuwa joto. Hausukumi gari wala hauinui mzigo. Hupita katika mabilioni ya transista ukigeuza sufuri kuwa moja na moja kuwa sufuri, kisha hutoka ukiwa joto. Mwaka 1961 Rolf Landauer wa kampuni ya IBM alionyesha kwamba sehemu ya joto hilo haiepukiki hata kwa ufundi mkamilifu: kila biti moja ya taarifa inapofutwa, kiasi fulani cha nishati hapana budi kitoke kikiwa joto. Katika halijoto ya kelvini 300 kiasi hicho hakifiki jouli 3 zilizogawanywa kwa 1 yenye sufuri 21 mbele yake. Ni kidogo mno, lakini si sufuri, na majaribio yaliyofanywa Lyon, Ufaransa, na kutangazwa mwaka 2012 yaliithibitisha hoja hiyo. Transista za leo hutoa joto linalokipita kiasi hicho kwa mara nyingi sana.

Kelvini 300 ni kama nyuzi 27 za Selsiasi, nayo katika vitabu vya Ulaya huitwa "halijoto ya chumba". Istilahi hiyo nayo imetafsiriwa bila mtu kuuliza ni chumba cha nani. Nyuzi 27 ndani ya nyumba ya London ni jambo la kufungulia madirisha. Chumba cha Tegeta mwezi Februari, chini ya bati lisilo na dari, kingezishukuru hizo 27.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku "joto" hubeba maana mbili. Tukisema "joto limeingia ndani" tunataja kitu kinachosafiri, ambacho kinaweza kuingia, kutoka, kuenea na kuzuiwa. Tukisema "joto limepanda" tunataja kipimo, ambacho hakisafiri popote bali hupanda na kushuka kama alama katika kijiti. Ni jambo la kupendeza kwamba vitenzi vyetu vimekwisha kuzitenganisha maana hizo ambazo nomino imezichanganya. Mtu wa kawaida hasemi kwamba nyuzi 32 zimetoka dirishani. Fizikia nayo haiwezi kuvumilia mchanganyiko: sindano iliyowekwa motoni mpaka ikawa nyekundu ina halijoto kubwa kuliko pipa la maji ya vuguvugu, lakini pipa lina nishati nyingi kuliko sindano, na anayetaka kukausha nguo atachagua pipa.

Kwa kipimo kile tumekwisha kupata majina kadhaa, yakiwemo halijoto, jotoridi na kiwango cha joto. Maoni yetu ni kwamba "halijoto" ndilo linalostahili kubaki. "Kiwango cha joto" ni baya kuliko yote, maana "kiwango" chaweza kuwa cha kiasi na chaweza kuwa cha ukali, kwa hiyo tunarudi pale pale tulipokuwa. "Jotoridi" limeundwa kwa akili, kwa kuunganisha joto na baridi, lakini lina kasoro ya kumfanya mwanafunzi aamini kuwa vipo vitu viwili vinavyopimwa, na hali baridi kwa mwanafizikia ni upungufu wa joto tu. Hatusemi kwamba muuguzi aache kusema "nimempima mgonjwa joto". Usemi wa nyumbani na wa hospitali una haki zake. Tunasema kwamba aandikaye kitabu, mwongozo au zabuni hana ruhusa hiyo.

Ndugu msomaji anaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya walimu wa fizikia peke yao. Achukue basi karatasi ya maelezo ya kompyuta ya mezani. Mtengenezaji huandika tarakimu mbili: moja ni joto ambalo bongo la kompyuta hulitoa likifanya kazi, mathalani wati 65, nyingine ni halijoto ya juu ambayo bongo hilo linaweza kuistahimili, mathalani nyuzi 100. Zote mbili zikiandikwa "joto la juu", pengine hata bila vipimo vyake, mtumishi anayeandaa manunuzi ya chumba cha kompyuta 40 atabaki na 65 asiyojua ni ya nini. Akijua kuwa ni wati, atazidisha 40 kwa 65 na kupata wati 2,600, kisha ataona kwamba kiyoyozi kinachouzwa madukani kwa jina la "BTU 12,000", ambacho huondoa joto la takriban wati 3,500, kinatosha kwa mabongo hayo lakini hakina nafasi kubwa ya kuwahudumia pia vioo, jua na watu 40 walioketi ndani. Akidhani ni nyuzi, hawezi kukokotoa chochote. Atanunua kwa kubahatisha, na fedha zitakazobahatishwa ni za umma.

Sasa tuje kwenye kitenzi ambacho kila mfasiri wa mambo ya kompyuta hukitumia, nacho ni "kupoza". Hapa Tegeta ni shule nzuri kuliko kamusi. Eneo hili lililo kando ya Barabara ya Bagamoyo, katika Wilaya ya Kinondoni, limeishi na joto la viwanda kwa muda mrefu. Kilima cha Wazo kina kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966, na saruji haitengenezeki bila tanuri kufikishwa nyuzi zipatazo 1,450. Karibu yake ulijengwa mtambo wa IPTL wenye uwezo wa megawati 100, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002 na baadaye ukasimama, na pia upo mtambo wa gesi wa TANESCO wenye uwezo wa megawati 45. (Jina la Tegeta lilizagaa nchi nzima mwaka 2014 kwa ajili ya Akaunti ya Eskro, na kwa njia hiyo "eskro" likawa neno la Kiswahili katika muda wa wiki chache, bila kikao chochote cha istilahi. Wapo watakaolisikitikia jambo hilo. Sisi tunalitaja tu.)

Katika maeneo haya watu husema kwamba umeme "hufuliwa" mtamboni na "hupozwa" kituoni. Tuyatazame maneno hayo kwa makini, kwa sababu ni ya jozi moja. Kufua ni kazi ya mhunzi: chuma huwekwa motoni, hupigwa, huchukua umbo. Kilichofuliwa kikiwa cha moto hupozwa kabla ya kushikwa na mkono wa mtu. Aliyeuita umeme wa kilovolti 132 kuwa ni mkali, wenye kuhitaji kupozwa mpaka volti 230 ndipo uingie nyumbani, hakuwa anatafsiri neno la kigeni; alikuwa anaendeleza picha ya mhunzi. Ndiyo maana "kituo cha kupozea umeme" limekubalika na kudumu, ingawa hakuna kinachopungua joto katika umeme huo. Kinachopungua ni volteji.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Transfoma inayopoza umeme yenyewe hupata moto, na hupozwa kwa mafuta yanayozunguka ndani yake. Kwa hiyo ndani ya uzio mmoja tuna "kupoza" kuwili: umeme hupozwa kwa maana ya kushushwa volteji, na transfoma hupozwa kwa maana ya kuondolewa joto. Katika kompyuta hali ni hiyo hiyo, kwani kifaa cha umeme cha kompyuta huushusha umeme kutoka volti 230 mpaka volti 12 na chini yake, na pembeni yake feni huvuma kuondoa joto. Mwongozo usemao "hakikisha kipozeo kinafanya kazi kabla ya kuwasha" utamfanya fundi mmoja aangalie feni na mwingine aangalie kifaa cha umeme. Wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili sahihi.

Pendekezo letu ni kwamba "kupoza" liachiwe wenye umeme pale linapotajwa umeme, na katika vifaa liandikwe daima pamoja na kile kinachopozwa: kupoza transfoma, kupoza bongo la kompyuta. Pale jambo linalosemwa ni joto lenyewe, iandikwe "kuondoa joto". Kuna jambo jingine dogo ambalo wahariri hawana budi kulikazia macho: "kupooza" kwa o mbili ni kupoteza nguvu za viungo. Vituo vingi vya umeme vimeandikwa hivyo katika magazeti, na wasomaji wamezoea; lakini kompyuta iliyopooza ni kompyuta mbovu, na mfumo wa kuipooza hakuna atakayeununua.

Kipande cha aluminiamu chenye mapezi kinachokaa juu ya bongo la kompyuta kimewatesa wafasiri kwa sababu ya jina lake la asili. Tumewahi kukutana na "sinki la joto". Sinki kwa Mswahili ni mahali pa kuoshea vyombo. Mafundi wa simu na kompyuta walioko kando ya barabara hawana shida hiyo, maana hukionyesha kwa kidole na kusema kuwa kinatoa moto. Wale waliowahi kufanya kazi gereji hukifananisha na rejeta. "Kipozeo" linatosha.

Tumefika kwenye jambo zito zaidi. Wataalamu wanaposema kwamba joto la kompyuta laweza kuwa rasilimali, husema mambo mawili tofauti kabisa, na katika tafsiri nyingi mambo hayo hufungwa katika furushi moja la "matumizi ya joto". La kwanza ni kulitwaa joto linalotoka na kulifanyia kazi nyingine, kama vile kupasha maji au kuzalisha umeme kidogo. La pili ni kulitumia joto lenyewe, ndani ya kifaa, kuwa mchukuzi wa taarifa mahali pa umeme. Katika la kwanza joto ni mali inayookolewa, na "rasilimali" ni neno lake. Katika la pili joto ni chombo cha kazi, kama wino ulivyo kwa mwandishi, na neno lake ni "nyenzo". Mfasiri asiyetenganisha rasilimali na nyenzo atamfanya msomaji aone mkanganyo mahali ambapo mwandishi wa asili hakukanganya kitu.

Kuhusu jambo la kwanza, tatizo kubwa ni jina la lile joto linalobaki baada ya kazi. Wengi huandika "joto taka" au "joto la taka". Neno hilo linahukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Taka ni za kutupwa, na anayesoma kwamba taka zitakuwa rasilimali anafikiri juu ya dampo. Huko Stockholm na Helsinki joto la vituo vya data hupitishwa katika mabomba na kupasha nyumba za watu. Aliye na nyumba iliyopashwa hivyo haoni taka yoyote. Tumetafakari maneno ya jikoni. "Makombo" yana dharau. "Kiporo" lina heshima yake asubuhi, lakini kiporo hulala mpaka kesho na joto halilali. "Masazo" ndilo linalofaa: kilichosazwa ni kile kilichozidi haja ya aliyekula, na lugha haisemi kama kitaliwa na mwingine au kitamwagwa. Tungependa basi kuona "joto masazo" likijaribiwa.

Kitenzi chake kiwe "kuvuna". Yupo atakayepinga kwamba hakivunwi kisichopandwa, na kwamba wazee walisema kukinga maji ya mvua, si kuyavuna. Hoja ni nzuri, na kwa maji tungekubaliana naye. Lakini "kukinga joto" lina maana mbili zinazopigana: kulipokea katika chombo, na kulizuia lisikupate. Mtu aliyekinga jua kwa mwavuli hakulivuna. Kwa kuwa "kuvuna maji ya mvua" limekwisha kuenea kwa njia ya kampeni za Serikali, "kuvuna joto" litapita katika njia iliyofyekwa.

Pamoja na hayo mfasiri awe mwangalifu asiahidi mavuno ambayo fizikia haiyatoi. Joto halifanyi kazi kwa kuwa jingi, bali kwa kuwa na mahali penye ubaridi pa kushukia, kama maji ya Mtera yasivyozungusha mtambo bila kuteremka. Maji yatokayo katika kompyuta yakiwa na nyuzi 60, na hewa ya Tegeta ikiwa na nyuzi 30, sheria ya Carnot inasema kuwa hata mashine kamilifu haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 9 ya joto hilo kuwa kazi, kwa kuwa tofauti ya nyuzi 30 inagawanywa kwa kelvini 333. Mahali penye barafu ya nyuzi 0 kikomo ni asilimia 18. Joto ni lile lile. Mteremko ndio uliobadilika. Kwa hiyo sentensi "nchi za joto zina rasilimali kubwa ya joto la kompyuta", ambayo tumeiona ikipendekezwa kwa nia njema, ni kosa la fizikia lililozaliwa na kosa la lugha: mwandishi amelichukua "joto" la hali ya hewa akalijumlisha na "joto" la mashine, kumbe la kwanza linalipunguzia thamani la pili. Likitumika bila kugeuzwa, kwa mfano kukausha samaki wa Kunduchi siku za masika, nyuzi 60 zaweza kufaa. Tunahitaji hapa neno la ile tofauti inayolisukuma joto, na tunapendekeza "mteremko wa halijoto".

Kiswahili kina kielelezo kimoja kizuri cha joto lililoitwa mali, nacho ni "jotoardhi". Kenya ilianza kuzalisha umeme wa jotoardhi huko Olkaria mwaka 1981, na Tanzania imeunda kampuni yake ya kuliendeleza, ikiwa na miradi kama ule wa Ngozi mkoani Mbeya. Neno hilo lilishika kwa sababu linasema joto kisha linasema chimbuko, bila kiunganishi na bila hukumu. Hakuna aliyeliita joto taka la ardhi.

Jambo la pili, lile la joto kuwa nyenzo, ndilo jipya zaidi na ndilo lililo hatarini zaidi kuharibiwa na kiunganishi chetu "-a". Joto katika yabisi ni mitetemo ya atomu, na wanafizikia huihesabu mitetemo hiyo kwa vipande viitwavyo fononi, kama umeme unavyohesabiwa kwa elektroni. Mwaka 2004 Baowen Li, Lei Wang na Giulio Casati walieleza kwa nadharia namna ya kutengeneza kifaa kinachopitisha joto kwa urahisi upande mmoja na kwa shida upande wa pili. Mwaka 2006 walieleza transista ya aina hiyo. Mwaka huo huo watafiti wa Berkeley, Marekani, waliupata mpito wa upande mmoja katika vijineli vya ukubwa wa nanomita, ingawa tofauti ya pande mbili ilikuwa asilimia chache tu. Mwaka 2007 Wang na Li walionyesha, kwa nadharia tena, kuwa vifaa hivyo vyaweza kupangwa vikafanya kazi ya mantiki, kusema "na", "au" na "si". Mwaka 2023 kikundi cha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilitangaza transista yabisi inayofungua na kufunga mpito wa joto kwa nguvu ya umeme bila kiungo chochote kusogea.

Mtu akiliita jambo hili "ukokotoaji wa joto", amesema nini? Kila mhandisi wa viyoyozi hufanya ukokotoaji wa joto: huhesabu joto la chumba ili ajue mashine ya kufunga. Hilo ni joto linalokokotolewa. Tunalolitaka ni joto linalokokotoa. "-a" haijui kutenganisha mtenda na mtendwa, nayo haipaswi kulaumiwa kwa hilo, kwa sababu hatukuiajiri kwa kazi hiyo. Lugha imetupa "kwa" ya chombo: kukata kwa kisu, kusafiri kwa jahazi. Basi na iwe "ukokotoaji kwa joto". Herufi moja imelimaliza shauri.

Katika majina ya vifaa hatari ni nyingine. "Diodi moto" na "transista moto" ni vifaa vilivyopata moto, na fundi akiviona ataondoa kidole. "Diodi ya joto" ni afadhali, lakini inaweza kueleweka kuwa ni diodi ya umeme inayopima joto, na diodi za namna hiyo zipo tayari ndani ya kila bongo la kompyuta. Tunaona heri kuunganisha moja kwa moja: diodi-joto, transista-joto, lango-joto. Masikio yatalalamika kwa muda, kama yalivyolalamikia "halijoto".

"Kihami" ni neno lililotumika kwa umeme na joto sawasawa, na walimu wamelifundisha hivyo miaka yote. Katika umeme linastahili, maana kati ya shaba na kwazi, tofauti ya upitishaji ni tarakimu yenye sufuri zaidi ya 20. Katika joto hakuna kitu kama hicho. Almasi, inayopitisha joto vizuri kuliko karibu kila kitu, huipita hewa tulivu kwa makumi ya maelfu ya mara tu. Joto huvuja popote, na hicho ndicho kizingiti kikubwa cha vifaa hivi vipya, pamoja na uzito wa mwendo wake. Msomaji akiambiwa kuwa njia ya fononi "imehamiwa", ataiona waya iliyovikwa mpira, asielewe kwa nini wataalamu wamehangaika miaka ishirini. "Kipunguza-joto" nalo ni baya, kwa kuwa linaelekea kwenye kupoza. Mpaka tupate bora, aandike "kizuizi hafifu cha joto", na neno "hafifu" lifanye kazi yake ya kumwonya msomaji.

Liko pia neno "athari", ambalo limekuwa tafsiri ya kawaida ya jambo linalotokea kwa sababu ya jingine katika fizikia. Zamani lilikuwa neno lisiloegemea upande. Leo msomaji wa magazeti akiona "athari" hungoja mafuriko, ukame au ajali. Thomas Seebeck alipogundua mwaka 1821 kwamba metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja ukiwa na halijoto kubwa kuliko wa pili, huzaa umeme, hakumletea mtu maafa. Hilo ni "tokeo la Seebeck", na ndilo msingi wa kuvuna umeme kutoka katika joto masazo.

Kadhalika tunalo tokeo la kwetu, na ni aibu kulisoma likiitwa "athari ya Mpemba". Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, mwaka 1963 alipoona kuwa maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka katika friji yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha habari hiyo katika jarida la Physics Education. Kuhusu maji, wataalamu wangali wanabishana. Lakini mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameliona tokeo hilo waziwazi katika chembe ndogo zilizomo ndani ya maji: iliyoanza na halijoto kubwa iliwahi kutulia kabla ya iliyoanza na ndogo. Kwa vifaa vinavyoandika kwa joto hilo si jambo la kando, kwa kuwa kasi ya kifaa hutegemea muda kinaochukua kutulia kabla ya kuandikiwa tena. Jina la Mpemba huenda likaingia katika vitabu vya kompyuta, na tafsiri za Kiswahili zitalikuta likiwa Kiswahili tayari.

Tuone namna maneno haya yanavyofanya kazi yakiwa pamoja. Tafsiri ya mazoea ingesema: "Katika vifaa vya joto vya baadaye, joto la taka litatumika kama rasilimali ya kukokotoa joto, na diodi moto zitahami joto lisipande." Sentensi hiyo ina makosa kadhaa, na hakuna hata moja la sarufi. Sisi tungeandika: "Katika vifaa vijavyo vinavyokokotoa kwa joto, joto masazo la saketi za umeme litakuwa nyenzo, diodi-joto zitaliongoza upande mmoja, ili halijoto ya upande wa pili isipande." Ni ndefu kidogo. Lakini mwalimu aweza kuichora ubaoni.

Limebaki neno moja ambalo hatujaliweza. Mwaka 2008 Wang na Li walieleza kifaa kinachohifadhi biti kwa kukaa katika mojawapo ya halijoto mbili zilizo imara. "Kumbukumbu ya joto" haifai, kwani Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kumbukumbu za joto za miaka mingi, nazo ni daftari za vipimo. "Hifadhi ya joto" ni chupa ya chai. "Kumbukumbu-joto" linafuata kanuni tuliyoitoa kwa diodi, lakini kwa sauti halitofautiani sana na lile la kwanza, na mkalimani aliye mkutanoni hana kistari cha kuonyesha. Mmoja wa wenzetu amependekeza "kikumbusha-joto", mwingine "biti-joto". Hili la mwisho ni fupi, na linataja kinachohifadhiwa badala ya mahali kinapohifadhiwa. Tatizo ni kwamba kifaa kimoja chaweza kubeba biti nyingi, na hapo tutalazimika kusema "ghala la biti-joto".